Alichomwambia Kipruto

Sigowet,
9 Agosti 1996

Kwako kaka yangu Bethwel,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Je, huko Nakuru mna afya? Kile kikohozi chako kimeisha? Sisi tuko, na Mama pia yuko hai. Nalisema hilo mapema ili usome haya mengine bila kushtuka.

Mwezi wa sita Mama alianza kukojoa kitandani. Alisema mkojo unamchoma, kisha akaacha kula. Nilimshika paji la uso nikakuta hana homa, basi nikadhani ni uzee tu. Halafu akaanza kuongea na marehemu ndugu yetu Kipruto, ambaye tulimzika miaka tisa iliyopita. Mchana kweupe, nikirudi kutoka kuchuma chai, nilimkuta amekielekea kiti kitupu, anamuuliza kama amekula. Majirani walisema Kipruto amekuja kumchukua. Mchungaji akaja kuomba. Niliogopa, Bethwel, hata kuingia nyumba ya mama yangu mwenyewe.

Alipoanguka mlangoni tulimpeleka hospitali huko Kericho. Malaria haikuonekana. Mtu wa maabara, jina lake Jairus, alipima mkojo, akaniita niangalie kwenye hadubini. Niliona vitu vidogo vya duara vimesongamana. Alinieleza kwamba hizo ni chembe nyeupe za damu: bakteria wakiingia kibofuni, zinatoka kwenye damu kwenda kuwameza, na nyingi zinafia huko huko, zikawa usaha. Nikauliza mbona mwili haukuchemka. Akasema mwili wa mzee mara nyingi unapigana bila joto, na akili ndiyo inayovurugika.

Kumbe Kipruto hakuwa amekuja. Ningefurahi, lakini Jairus aliuliza pia kama Mama alikuwa anakunywa maji ya kutosha, kwa sababu mkojo ukitoka mara kwa mara unawafagia bakteria nje kabla hawajazidi. Nilimjibu kwamba alikuwa anakunywa vizuri.

Nilidanganya. Nilikuwa nimechoka kufua blanketi kila asubuhi, nikampunguzia maji na chai. Kwa wiki tatu nilimpa kikombe kimoja kwa siku. Akiomba kingine, nilimwambia asubiri. Siku moja kabla hajaanguka, nikipita nje ya dirisha, nilimsikia akisema, "Kipruto, mwanangu, niombee maji kwa dada yako. Wewe atakusikia."

Nilisikia, nikaenda kukama ng'ombe.

Alidungwa sindano siku saba, akili ikamrudia. Hakumbuki lolote. Kanisani alisimama akashuhudia kwamba ni mimi niliyemwokoa, na akina mama wakanipigia makofi. Dawa ilimwondoa Kipruto kwake. Kwangu bado yuko, na bado anamwombea Mama yale maji.

Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya ibada, nitamwambia Mama ukweli. Nitamwambia uwepo usiwepo, lakini nakusihi uje, maana sijui atakayehitaji kushikwa mkono ni nani kati yetu.

Msalimie mke wako Nelvine na watoto. Mama naye anawasalimu sana. Yuko hapa karibu, anaota jua, na ameniagiza nisisahau kukuandikia jinsi nilivyomtunza.

Ni mimi dada yako,
Chepchirchir