Surveyan Wetu, na Neno Nililolisema Mbele ya Shirika

Papa yangu uliye Kinshasa,

Najua barua hii hutaisoma peke yako. Macho yako ni mazima, lakini tangu ugonjwa herufi ndogo zinakuchosha, kwa hiyo kaka Deo ndiye atakusomea, kwa sauti, sebuleni kwake, Jumapili familia yote ikiwa imekaa. Nimemwomba mwenyewe afanye hivyo. Ndiyo maana ni barua ya wazi. Lile neno baya nililisema mbele ya watu. Nikija kuliondoa katika sikio lako peke yako, nitakuwa mwoga mara ya pili.

Mmekaa ili kuamua kama nyumba ya huku mtaani kwetu Cimpunda iuzwe. Nyumba yako, Papa, uliyoijenga kwa mshahara wa mwalimu, chumba kimoja kimoja, mpaka ukawa prefe, mkuu wa shule, na bado paa la jikoni lilikuwa halijaisha. Deo ameniandikia hivi: "Muzee hawezi tena kuamua. Weye mwenyewe ulisema amekuwa kama mutoto."

Ni kweli, nilisema. Naomba nieleze namna ilivyotokea, kwa mpango, kama ninavyopanga magunia katika depo: la chini kwanza.

Ulipotoka hospitali, mkono wako wa kulia ulikuwa umelala juu ya blanketi kama kitu cha mtu mwingine ulichowekeshwa. Maneno yalikuja moja moja, tena kwa kuchelewa. Wewe, ambaye shule nzima ilinyamaza ukifungua tu dirisha la ofisi! Mchana jirani alikuangalia. Mimi nilifunga depo yangu ya unga ya Nyawera mapema, nikapanda Cimpunda kuja kukulisha.

Siku moja nilikuwa nakuonyesha picha kwenye telefone yangu. Tangazo likatokea, mtu mwenye barakoa na joho akiruka juu ya mapaa ya mji. Kidole gumba chako cha kushoto kikaligusa, na mara telefone ikaanza kushusha mchezo.

"Papa! Mega zangu!" nikapiga kelele. "Hizo mega za internet niliweka juu ya kazi!"

Ukacheka. Ulicheka kwa upande mmoja wa mdomo, lakini ulicheka, na tangu ugonjwa sikuwa nimesikia sauti hiyo. Nilikuwa nimeshanyoosha kidole niufute ule mchezo. Sikuufuta. Na kesho yake, aliyeleta telefone ikiwa na batri imejaa na mega mpya ni mimi. Deo, soma hapo polepole: mguso wa kwanza ulikuwa wa Papa, yote yaliyofuata ni yangu.

Mchezo ule unataka vidole gumba viwili. Cha kushoto kinamtembeza shujaa, cha kulia kinapiga na kuruka. Wewe ulikuwa na cha kushoto. Nikaleta cha kulia. Tuliweka telefone juu ya sinia, sinia juu ya magoti yako, tukakaa bega kwa bega. Nilitafuta kichwani mara ya mwisho tuliyokaa hivyo, nikaikosa.

Mwanzoni tulikuwa kichekesho. Unampeleka mbele, mimi namrusha kabla hajafika, anaangukia mtoni.

"Ngoja," ulisema. Halafu: "Sasa." Halafu tena: "Ngoja."

Mwalimu alikuwa amerudi. Ukampa yule shujaa jina, Surveyan. Nikakuuliza kwa nini jina la msimamizi wa nidhamu. Ulitafuta maneno hadi jasho likatoka. "Anakimbiza... watoro," ukasema, na sinia karibu ianguke kwa kicheko changu.

Siku nyingine tulikuwa karibu kabisa kuliangusha lile jitu la chuma, mteja akanipigia juu ya sukari. Nilipomaliza kuongea naye, Surveyan alikuwa amelala chini. Ulinitazama kwa uso ule wa ofisi yako. "Biashara," ukasema, "imeua mutu."

Mimi, unanijua, nikiona namba napiga hesabu. Niliona haraka kwamba zawadi tulizoshinda, tukizitumia kumwongezea Surveyan mbio, tutapata faida kuliko tukimwongezea nguvu, kwa sababu mwenye mbio anafikisha mapigo matatu mwenzake anapoinua mkono. Lakini wewe ulitaka joho jekundu.

"Papa, hiyo haiongeze hata pointi moja."

"Iko muzuri."

"Uzuri njo itatusaidia nini?"

"Iko muzuri."

Tukachukua joho. Tulipigwa vibaya sana ndani ya joho lile, na sikukasirika hata kidogo.

Hapa ndipo haya yangu inapoanzia, Papa. Ulikuwa umelemaa, na mimi nilikuwa na furaha. Asubuhi wateja wakiniuliza hali yako nilikunja uso, nikajibu, "Tunavumilia." Kumbe ndani nilikuwa naingoja saa ya kufunga mlango. Mwanamke mzima, ninayeamrisha wabebaji wa magunia, nawaza njia ya kupita walinzi wa daraja! Ilibidi mwili wako uvunjike nusu ndipo nikupate. Sijui binti anasemaje jambo la namna hiyo kwa baba yake. Nimelisema.

Kisha ikaja ile siku ya mvua. Mabati yalipiga kelele hata hatukusikia sauti ya mchezo. Surveyan alikuwa katikati ya daraja, maadui mbele na nyuma. Ghafla ukaacha kumtembeza.

"Papa, tembeza, watamumaliza!"

Hukutembeza. Uligeuza kichwa ukaniangalia. "Shule," ulisema.

"Shule gani?"

Nikaona shingo yako inafanya kazi. "Yako."

Unajua kwamba nilielewa. Kila aliyekaa hapo sebuleni anajua niliachishwa shule mwaka wa tano wa sekondari ili Deo aende universite. Ulisema mutoto mwanamuke atapata bwana, na bwana atakuja na diploma yake. Binti wa Prefe nikauza mandazi mbele ya shule uliyoiongoza, wanafunzi wako wakinunua kwangu na kuniita "mama mandazi." Kutoka hapo nikaenda kwenye viatu vya mitumba, kutoka viatu nikaenda kwenye unga. Kila nilichonacho nilikijenga juu ya hasira hiyo, ndiyo iliyoniamsha kila asubuhi kabla ya jogoo. Miaka yote nimeishi nikingoja neno moja kutoka kwako. Na lilipokuja, baada ya wewe kulitafuta hivyo, nilijibu, "Papa, weka kidole, tunashindwa."

Niliogopa. Ukiichukua hasira yangu, nilijiuliza, nitabaki nimesimama juu ya nini?

Ukaweka kidole. Hukurudia tena.

Baadaye kidogo, watu wa shirika letu la kanisa wakaja kukuombea. Labda walibisha hodi, ila Surveyan aliwazidi sauti. Mlango ukafunguka. Maman Furaha, kiongozi wao, alikuwa mbele na rozari mkononi, na nyuma yake wanaume wawili wenye mvi, wanafunzi wako wa zamani. Wakatukuta hivi: wewe umecheka mpaka mate yanakudondoka, na mimi, mwenye depo Nyawera, nimeinama juu ya sinia nikipiga kelele, "Muangushe, Papa! Muangushe!"

"Aye!" Maman Furaha akasema. "Siye tulikuya kuombea mugonjwa, kumbe mu nyumba iko vita!"

Wakacheka. Mmoja wa wale wanaume akashika kiuno. "Njo Prefe huyu? Ule alikuwaka anatunyanganya karata?"

"Wacha," mwenzake akamjibu, "labda njo karata zetu aliuzisha, akapata telefone."

Wewe ulikuwa unacheka pamoja nao, Papa. Nakumbuka vizuri. Haya haikuwa kwako, ilikuwa kwangu. Maman Furaha akanigeukia, bila ubaya wowote: "Maman Nsimire, ni weye ulimupa muzee hii kitu?"

Macho yote yakawa kwangu. Ningesema ndiyo, wangecheka zaidi, tungesali, wangeenda zao. Nikasema: "Hapana, maman. Ni yeye analiaka nimupe. Muzee, tangu ugonjwa, amekuwa kama mutoto. Nitafanya je?"

"Ni musalaba, maman," wakaniambia. "Vumilia." Mmoja akanipapasa bega, na nikaliacha lipapaswe.

Uliacha kucheka. Uliondoa kidole kwenye telefone, ukaushika mkono wako uliolala, ukafumba macho. Sala ilikuwa ndefu. Amina uliitamka pamoja na wengine. Neno "uongo" ulikuwa nalo pia, nilikuwa nimelisikia kinywani mwako mara nyingi mchezo ulipotudanganya. Hukulitumia juu yangu.

Ningependa kuandika kwamba ni haya tu iliyonisukuma. Lakini barua inasomwa mbele ya watu, niseme yote. Katika kuitamka ile sentensi kulikuwa na utamu. Kidogo, kama chembe ya sukari iliyobaki kwenye mdomo wa gunia. Miaka mingapi wewe ndiwe uliyesema nani ana akili ya shule na nani hana, na watu wakaamini? Siku ile nilisema mimi, na watu wakaamini.

Wakaamini kabisa. Kabla ya wiki kugeuka, maneno yangu yalikuwa yamefika Kinshasa katika telefone ya Deo. Alikuja na tikiti za ndege. Nilimwambia wewe unapata nafuu hapa, unasikia, unafikiri, mkono wa kushoto una nguvu. Akanijibu bila hasira, "Nsimire, kwa shirika ulisema ingine." Ningefunguka pale pale. Nikanyamaza, kwa sababu kufunguka kulitaka niseme kwamba mwenye hamu ya ule mchezo nilikuwa mimi. Walikuingiza ndani ya gari. Hukuniangalia. Deo alidhani hukunitambua, akanionea huruma. Mimi nilijua umenitambua vizuri.

Basi, Papa, na ninyi wote mliokaa.

Nilisema uongo. Papa hakulilia mchezo hata siku moja. Mimi ndiye niliyeuleta, na mimi ndiye niliyeufurahia. Kama mnataka kujua kichwa chake kikoje, mimi nilikaa karibu na kichwa hicho kila jioni. Alikumbuka walinzi walikosimama jana yake, mimi nikiwa nimesahau. Alikataa tuingie mnarani kabla Surveyan hajapona majeraha, na alikuwa na haki, nilipomlazimisha tulishindwa mara moja. Adui akipiga magoti, aliushika mkono wangu na kusema, "Inatosha." Joho alilichagua kwa sababu alilipenda, na hakuna hata mmoja wenu ambaye hajawahi kununua kitu kwa sababu hiyo. Na katikati ya mvua, bila kuulizwa na mtu, alitafuta jambo la zamani alilomfanyia binti yake, akalipata, akalisema. Niambieni mtoto gani anafanya hivyo. Wazima wangapi mnaowajua wanafanya hivyo?

Hilo neno lako, Papa, nililisikia. Sitakudanganya tena niseme limemaliza yote, nisingekuwa binti yako. Lakini lilifika. Nilipaswa kukuambia palepale, mvua ikinyesha, nikaona rahisi kupigana na watu wa ndani ya telefone.

Kuhusu nyumba nina mawazo yangu, na nina hesabu zake pia, Deo ananijua. Sitaziandika hapa. Siku ile nilisema mahali pa Papa, leo sitasema. Akitaka iuzwe, nitumieni karatasi nitie sahihi, nitahamisha vyombo vyake mwenyewe kimoja kimoja. Akitaka abaki Kinshasa, nitakubali, hata kama sababu ni mimi. Akitaka kurudi, chumba kimefagiliwa, na watu wa shirika wameshajua kutoka kinywani mwangu nani alikuwa mutoto siku ile. Nilisimama baada ya sala nikawaambia. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa zito kuliko kicheko.

Nakuaga hapa, Papa, nimepiga magoti kama ulivyotufundisha kumwamkia mtu mkubwa. Nivumilie.

Na wewe kaka Deo, ukifika mstari huu, kunja karatasi. Usimjibie. Mke wako pia asimsaidie maneno kwa huruma, namjua ana moyo mzuri. Zimeni televisheni. Muulize Papa kuhusu nyumba yake, mara moja tu, halafu mnyamaze, hata chai ipoe, hata ndugu waanze kutazama saa, mpaka aseme.

Mimi niliyekusemea uongo,
binti yako wa Cimpunda,
Nsimire