Zipu ya Mgongoni

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini Mama akisikia nimeanza kuongea na wewe bila salamu atanisema mpaka kesho, kwa hiyo ipokee tu hukohuko uliko.

Nimekaa kwenye kibaraza chako, nimeelekea kaburini. Migomba uliyoipanda mwenyewe sasa inakupa kivuli. Ukungu umeshuka tangu asubuhi na kijiji chote cha Suji hakionekani. Sijui nianzie wapi, basi nianze na hasira, maana ndiyo iliyo karibu. Umenikera, Baba. Miaka yote hiyo umezama kwenye mabwawa ya umeme, umeingia bahari za ughaibuni ambazo watu huko huzitazama kutoka dirishani, ukatoka salama. Halafu ukaja kuanguka shambani mchana kweupe, jembe mkononi, juu ya ardhi kavu. Presha, walisema. Mimi siku zote nilikuwa nimejiandaa kwa maji. Kwa presha sikuwa nimejiandaa hata kidogo.

Nina habari mbaya kuhusu suti yako kavu, ile ya kuzamia. Kaa vizuri.

Siku ya kuanua matanga nilikuwa nimeteremka Same kurudisha viti na maturubai. Shangazi zangu wakatoa nguo zako zote, wakazifua, wakazianika kwenye ua ili zigawiwe ndugu, kama ilivyo ada. Suti nayo ikaonekana ni nguo. Wakaitia kwenye maji ya moto na sabuni ya unga, wakaisugua kwa brashi, wakaianika juani kutwa nzima. Wewe uliyekuwa ukiisuuza kwa maji baridi na kuitundika kivulini, ukimkaripia hata kuku akiipitia karibu! Ile mipira laini ya kubana shingo na mikono, inayozuia maji yasiingie, ikayeyuka ikawa inanata kama ulimbo. Shangazi mmoja akamalizia kwa pasi ya mkaa. Alisema si heshima kumpa mtu nguo ya marehemu ikiwa na makunyanzi.

Wakampa Baba Mdogo Mbonea, kwa kuwa ndiye mwenye mwili kama wako. Alikwenda nayo kwenye tangawizi zake kule Mamba, akaivaa kila mvua iliponyesha, mpaka miiba ikaichana magoti na zipu ikang'oka meno. Nilipomfuata aliniambia, "Mwanangu, lile koti la kaka lilikuwa zuri sana, ila linatoa jasho." Nilitaka kumfokea. Kisha nikaona jinsi alivyolikunja na kuliweka juu ya kitanda chake, mahali pa mto. Nikamwachia. Kila mtu alikuwa anakutafuta kwa njia yake, na mimi sikuwa na haki ya kukutafuta peke yangu.

Kitu kimoja tu hakikupatikana siku ile, lile sweta lako la sufu la rangi ya udongo, ulilolipata kwenye mitumba ya Hedaru. Ulilivaa ndani ya suti kila ulipozama. Shangazi wakalitafuta mpaka wakaanza kutupiana maneno. Mama alikaa kwenye mkeka wake akitazama chini.

Mama hasemi sana siku hizi. Anapika makande ya watu watatu, kisha yaliyobaki anayapeleka kwa jirani. Usiku anafunga mlango kwa komeo, anarudi tena kuuhakikisha. Unajua alivyoichukia ile kazi. Ulipoanza kuvaa suti uani alikuwa anaondoka, anakwenda jikoni kupekua kuni ambazo hazihitaji kupekuliwa. Ndiyo maana kazi ya kukufungia zipu ikawa yangu tangu nikiwa na kimo cha kufikia mabega yako. Zipu yako ilikuwa mgongoni, kutoka bega hadi bega, na hakuna binadamu anayeweza kujifungia zipu ya namna hiyo. Nilikuwa naivuta taratibu, kisha napitisha kidole mpaka mwisho wake kuona kama imeshika, halafu nakupiga kofi dogo katikati ya mgongo na kusema, "Imefika." Ukitoka kwenye maji ilikuwa ni mimi tena wa kuifungua, na ulikuwa unaniuliza, "Vipi?" Nami naweka kiganja kwenye sweta lako na kukujibu, "Kavu."

Basi sikia kilichotokea. Mvua za masika zilishusha udongo mwingi kutoka msituni ukaingia kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia ulilosimamia kulipanua na kulijengea ukuta. Toleo la chini, lile tundu la kutolea maji, likaziba kabisa. Maji yamejaa hadi ukingoni, na mashamba yote ya chini yananyauka yakiyatazama. Maharage ya kina mama yamegeuka rangi. Vijana walijaribu kuzama kwa kubana pumzi, lakini unayajua yale maji wakati huu wa mwaka. Walitoka meno yanagongana, hawawezi hata kutaja majina yao. Kamati ikaketi. Mwenyekiti akasema kama hakuna wa kufungua toleo, siku ya msaragambo, ya kazi ya pamoja, kila nyumba ilete mtu na nyundo, ukuta ubomolewe.

Ukuta wako, Baba. Nilisimama nikasema nitazama mimi.

Mama alikuwa amekaa upande wa wanawake. Hakubishana na mimi mbele za watu. Tulipofika nyumbani ndipo aliponiambia, bila kunyanyua sauti, "Ni mimi niliyefunga vifungo vya koti la baba yako pale mochwari Same. Kwa hiyo usiniombe nikufunge na wewe ndani ya sanda hiyo. Sifungi." Kisha akaingia ndani. 

Nikapandia basi Hedaru nikaenda Tanga, kwa yule muuza vifaa vya wazamiaji karibu na bandari. Alikuwa na suti mbili tu za kimo changu, zote zimetumika. Nikafanya kama ulivyonifundisha. Nikazivaa moja baada ya nyingine juu ya nguo nzito, maana uliniambia suti yenyewe haikupi joto, inakutunzia tu lile uliloingia nalo. Nikachuchumaa. Nikainua mikono juu. Nikajikumbatia, kisha nikafikia nyuma ya kisogo kama nafungua mtungi wa hewa. Nikavuta mipira ya mikono kuona kama ina nyufa. Muuzaji alinitazama kama mtu mwenye mashetani.

Moja ilikuwa na zipu ya mbele, inakatiza kifua. Kijana akaniambia, "Sista, chukua hii. Unajivalia mwenyewe fasta, humsumbui mtu." Ilinikaa vizuri pia, siwezi kudanganya. Nyingine ilikuwa na zipu ya mgongoni kama yako. Nikasimama pale dukani nimeshika moja huku, nyingine huku, na nikakusikia kabisa ukisema yale uliyokuwa unasema kila mtu alipokutania kuhusu zipu yako, kwamba mtu anayeweza kuvaa peke yake, ipo siku atazama peke yake. Mimi nina kichwa kigumu na ninapenda kufanya mambo yangu bila kuuliza mtu. Wewe ulilijua hilo kuliko mimi. Nikachukua ya mgongoni, na mtungi wa hewa uliojaa. Njiani kurudi nikaanza kujilaani, maana nilikuwa nimenunua suti inayohitaji mtu, na mtu mwenyewe sina.

Baba Mdogo akajitolea. Alikuja siku ya msaragambo amevaa viatu vya kanisani. Wanakijiji wote walikuwa pale na nyundo zao zimelazwa kwenye majani, kwa heshima, lakini zipo. Mwenyekiti alifunga lango la nje la mfereji kama nilivyomwagiza, ili toleo likizibuka maji yasininyonye, akalikalia kabisa kwa makalio yake. Nikajipaka poda ya watoto shingoni na mikononi nisije nikachana mipira, nikavaa. Baba Mdogo akavuta zipu. "Tayari," akasema, na hakupitisha kidole. Na mimi sikumwambia.

Maji yaliponifika mabegani yakaingia ndani ya suti. Yalipita kwenye uwazi mdogo pale mwisho wa zipu, upana wa ncha ya kidole, yakateremka mgongoni hadi kwenye soksi. Baridi ile, Baba! Sikuweza kuvuta pumzi. Nilitoka natambaa na suti imejaa maji miguuni, watu wakanivuta kama ndama. Nilikaa kwenye majani nikilia mbele ya kijiji kizima, na sikulia kwa sababu ya baridi. Nililia kwa kuwa hukuwepo. Nikasikia mtu nyuma yangu akiokota nyundo.

Mama alikuwa amekuja kuleta makande ya wafanyakazi, si kwa ajili yangu. Aliitua sufuria chini. Akaja akanivua kama nilivyokuwa mtoto, kina mama wengine wakatuzungushia khanga. Akaigeuza suti ndani nje, akaikausha kwa kitenge chake mpaka kwenye vidole vya soksi. Kisha akafungua kikapu alichobebea sahani, na chini ya sahani akatoa lile sweta lako la rangi ya udongo.

Shangazi zangu walikuwepo, waliliona, na hakuna aliyefungua mdomo. Bado lina harufu yako, ile ya moshi na sabuni ya kipande. Alinivalisha akanikunjia mikono yake, maana ni refu.

Nikaingia kwenye suti. Nikageuka, nikampa mgongo, nikangoja. Nilifikiri atamwita Baba Mdogo. Nikasikia zipu ikianza kwenda, polepole, polepole mno. Ikafika mwisho. Kisha nikahisi kidole kikipita juu yake, kutoka bega hadi bega, na kofi dogo katikati ya mgongo.

"Imefika," akasema Mama.

Baba, alikuwa anatuangalia. Miaka yote ile tukidhani yuko jikoni na kuni zake, alikuwa anatuangalia dirishani.

Nikachuchumaa, nikajikumbatia magoti na kuvuta mpira wa shingo kidogo ili hewa ya ziada itoke, kama ulivyonionyesha. Kisha nikajifunga mtungi, nikazama.

Chini hakuna kitu cha kuona, ni tope tupu, kazi yote ni ya vidole. Suti iliponibana mbavu nikabonyeza valvu ya kifuani ya kuingizia hewa, kidogo tu, nikakumbuka siku ya kwanza ulipokuwa unanifundisha humohumo, nilipojaza hewa kwa pupa ikakimbilia miguuni, nikaelea kichwa chini miguu juu na kijiji kizima kikacheka. Ulicheka na wewe, usikatae. Safari hii hewa ilikaa ilipotakiwa. Nilitoa matawi, mawe, na mwisho mfuko wa mbolea uliojaa udongo, ambao ndio ulikuwa kizibo chenyewe. Mgongoni nilikuwa na joto. Nikapanda taratibu na mkono wa kushoto nimeuinua, valvu ya begani ikiachia hewa, mpaka nikauona ukungu.

Nilipokwisha kutoka na kusogea mbali, Mwenyekiti akanyanyuka kwenye lango na kulifungua. Tulisikia maji kabla ya kuyaona. Wanawake wakapiga vigelegele, Baba Mdogo akaharibu viatu vyake vya kanisani kwa kuruka ndani ya mfereji. Nyundo zimerudi nyumbani na wenyewe. Mama peke yake hakuyatazama maji. Alinifungua zipu, akaingiza kiganja chake mgongoni, juu ya sweta lako, akakiacha pale muda mrefu. Hakusema neno ulilotaka mimi niseme siku zote. Alikuwa analia.

Sijapona, usidhani nimepona. Leo asubuhi nimeweka vikombe vitatu mezani tena, na Mama amekiondoa cha tatu bila kunitazama. Nyumba ni kubwa sana. Lakini mashamba ya chini yamelowa, na kutoka hapa kibarazani, ukungu ukifunguka kidogo, naona mfereji unang'aa.

Nakuahidi hili, maana ndilo ulilolitaka kwangu. Sitaingia kwenye maji yoyote, ya hapa wala ya mbali, bila mkono wa mtu mgongoni kwangu. Na siku Mama atakapochoka kunifungia, sitaingia mpaka nimpate mwingine na kumfundisha kupitisha kidole. Nitaomba, Baba. Unajua inavyoniwia vigumu, lakini nitaomba.

Pumzika sasa. Usihangaike na ile suti ya zamani. Baba Mdogo analala nayo.

Sweta nimemrudishia Mama. Kavu.

Mwanao,
Nakijwa