Penalti Yako ya Jana

Kaka yangu mpendwa,

Hongera, mmefuzu! Mtaa mzima umekaukwa na sauti. Jirani yetu fundi cherehani aliruka mpaka akavunja kiti chetu, na bado anadai kilikuwa kibovu tangu zamani.

Mama hajambo, ila anakula kidogo. Jana ulipouweka mpira kwenye alama ya penalti, sote tuliisogelea televisheni. Unamjua Baba, hakuwahi kutazama penalti hata moja. Alikuwa akitoka nje, anasimama karibu na tangi la maji mpaka mmoja wetu amwite. Basi ulipofunga, Mama alikimbilia mlango wa nyuma akaita, "Baba Watoto, rudi! Mwanao amefunga!"

Hakuna aliyethubutu kumfuata. Alisimama pale kizingitini, mkono mdomoni.

Kaka, Baba tulimzika wiki iliyopita, ukiwa kambini. Moyo ulimsimama usingizini. Mama ndiye aliyekataza usiambiwe kabla ya mechi. Usimlaumu. Nimemwomba daktari wa timu akukabidhi barua hii na akae nawe unapoisoma.

Njoo nyumbani. Mlango wa nyuma uko wazi tangu jana, na Mama hataki tuufunge.

Mimi, mdogo wako