Fungula, Alisema Mzee Murhula

Kanyosha, 6 Novemba 2023

Dada Khadidja,

Salaam alaikum. Goti lako limepoa, ama bado unalilalamikia kama mke mwenza? Shemeji na watoto nawasalimu wote. Mi mwili uko, usingizi ndio umehama. Nakuandikia karatasi maana simu siku hizi siiamini, na Pascaline wa mawese anapita huko Ruziba hata hivyo. Ukishasoma, choma.

Unamjua jirani yako Mzee Murhula, yule Mukongomani mwenye redio ya kuongea na watu hewani, anayo na leseni. Wiki iliyopita aliniletea kibandani, haitoi hata mlio. Akasema, "Shakuru, unifungulie redio." Dada, unanijua. Mutu aliyetengeneza redio za meli Dubai (sawa, nilishika waya tu, lakini meli iliondoka) hawezi kuombwa kufungua redio akaishia kwenye skrubu. Zile redio zina mipaka ndani: chini namba hii, juu namba ile, ukitoka hapo unasikia tu, kusema apana. Mi nikarekebisha swichi, kisha nikaiondoa mipaka yote. Nikajisifu mtaa mzima.

Jana nakutana naye, ananishukuru kwamba swichi sasa inashika vizuri. Kumbe kwao kufungula redio ni kuiwasha tu. Na mi nimempa mzee wa watu kitu kinachoweza kuingilia maongezi ya ndege na ya askari. Nikamwambia tu karibu tena.

Nenda leo. Mwambie asikilize tu, asibonyeze kitufe cha kusemea. Nitakuja kuifunga.

Mudogo wako,
Shakuru


Ruziba, 8 Novemba

Mudogo wangu,

Wa alaikum salaam. Goti lipo, tuliache. Wewe unakula?

Nilienda. Tumechelewa. Mama Byamungu, mke wa mzee, anasema kila jioni mumewe yuko hewani anamtafuta mwanawe Byamungu aliyebaki Kongo, simu yake haipatikani tangu mvua za kwanza. Juzi akasikia wanaume wanaongea kwa namba. Akafurahi, akadhani ni wenzake wa redio. Akabonyeza: "Bwana asifiwe, ndugu zangu." Wakamuuliza we nani. Na watu wa redio hiyo wana adabu yao, ukisema lazima utaje jina na unapokaa. Akataja vyote. Akawaelekeza na njia, baada ya kanisa, mlango wa buluu, karibuni chai.

Jana gari lenye antene mbili lilizunguka hapa polepole kama linatafuta mbuzi aliyepotea. Mama Byamungu kaniletea redio imeviringishwa kwenye shuka, mzee hajui iko wapi. Iko chini ya kitanda changu. Shemeji yako kahamia kulala sebuleni. Siwezi kukuletea, kuna bariyeri barabarani, wanapekua mizigo. Na we usije, watakuona. Niandikie nifanye nini kwa mikono yangu.

Dada yako,
Khadidja


Kanyosha, 8 Novemba, jioni

Dada,

Salamu ni fupi, Pascaline amesimama mlangoni. Soma mara mbili kabla ya kugusa.

Chomoa maikrofoni, weka mbali na watoto. Washa redio huku umekamata kitufe chenye picha ya kufuli. Itaandika LO, ndio mpaka wa chini. Zungusha mpaka 144, bonyeza. Itaandika HI, ndio wa juu. Zungusha mpaka 146, bonyeza. Zima. Hapo katikati ndipo leseni yake inamruhusu kusema. Redio yenye mipaka ni ya mzee mstaarabu. Isiyo na mipaka ni jela.

Sasa la kutisha. Kujua kama imekubali kuna njia moja tu: urudishe maikrofoni, uende mpaka 150, ubonyeze. Taa nyekundu ikikataa kuwaka, imeshika. Ikiwaka, wameshakusikia hata kama hujatoa neno. Kwa hiyo usijaribu. Tuishi bila kujua.

Leo nimefunga kibanda asubuhi kwa sababu ya pikipiki iliyosimama nje. Ilikuwa ya muuza maziwa. Usimwambie mutu.

Mudogo wako,
Shakuru


Ruziba, 10 Novemba

Shakuru,

Salaam. Huku wazima, ila mzee.

Nilifanya. Na nilibonyeza. Singeweza kumrudishia jirani jela ndani ya shuka bila kujua. Taa haikuwaka. Nikaiviringisha tena kwenye shuka. Kisha nikampelekea.

Leo asubuhi wamekuja wa lile gari la antene, wanaume watatu, wapole. Hata chai walikunywa. Wakapima redio, wakakuta mipaka iko. Wakauliza, basi nani aliifungua? Mzee akajibu, "Nilifungula mwenyewe. Kila jioni nafungula." Ni kweli yake, kwa Kiswahili chake. Wakaandika, wakamchukua ofisini kwao Rohero.

Nilikuwa pale mlangoni. Kuwaeleza kungekuwa kutaja jina lako. Nilinyamaza, na mama Byamungu aliniangalia.

Ukae ndani. Usiende Rohero.

Dada yako,
Khadidja


Kanyosha, 11 Novemba

Dada yangu,

Amani kwako. Uliponyamaza ulinilinda, nakushukuru, lakini yule mzee hatalala kule kwa sababu ya neno moja.

Nimevaa shati la sikukuu ya Idi, naenda Rohero. Nitawaeleza fungua yangu na fungula yake mpaka wacheke. Mutu akicheka hakupigi, hiyo nimeiona nchi tatu. Naogopa, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Usinifuate. Mwambie mama Byamungu apike kingi leo, mzee atarudi na njaa.

Mudogo wako,
Shakuru


Ruziba, 15 Novemba

Mudogo wangu Shakuru,

Mwenyezi Mungu akuhifadhi popote ulipolala. Sijui nikuulize nini kwanza.

Mzee Murhula alirudi siku ile ile, kwa miguu. Anasema ulipoingia ulisalimia wote kama mwenye harusi. Ukawaeleza, mmoja akacheka kweli, nawe ukamkonyeza mzee. Kisha wakamwambia mzee, wewe nenda. Na wewe wakakuambia, subiri kidogo.

Leo nimeenda Rohero na wali na visamaki vya ndagala. Wa mlangoni kaniuliza chakula ni cha nani. Nikasema cha mudogo wangu, Shakuru, fundi redio. Akaingia nacho, akakawia. Akarudi na sahani imefunikwa vilevile. "Mama, ulete kesho."

Hakusema uko. Hakusema hauko. Nilitaka kumuuliza, nikaogopa atajibu.

Barua hii nitaiweka kesho chini ya sahani. Ndagala nimeshanunua.

Dada yako,
Khadidja