Henzerani ya Ijumaa Kuu

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
22 Aprili 1976

Mpendwa Baba mdogo Anselmi,

Shikamoo Baba. Ni mimi Candida, binti wa marehemu kaka yako, nakuandikia nikiwa nyuma ya meza ya duka, kwa hiyo ukiona mwandiko umekatika ujue ameingia mteja. Mgongo unaendeleaje? Mama mdogo Euphrasia amepona kifua, au bado anakataa hospitali kwa kuwa madaktari ni vitoto? Sisi huku tunapumua. Masika yameifanya Jangwani ziwa, sabuni tunaipata kwa foleni, na Celina wangu ameota yale meno ya mbele aliyokuwa akiyalilia tangu Krismasi.

Barua yako ya Februari niliipata. Uliuliza habari za mafunzo ya Kasmir, ukasema unasali rozari kila siku ili mdogo wangu achaguliwe kiongozi wa walimu wa dini wa parokia nzima. Nitakujibu, ila kaa kitako kwanza. Habari zenyewe zina damu, na sitaki uzipate kwa Gaudens, mwanafunzi wako wa zamani, peke yake.

Mafunzo aliyaendesha Sista Severa, kila Jumamosi ya Kwaresima, katika ukumbi wa parokia. Ni mtawa mfupi, mchangamfu, anayeamini kwamba mtoto hafundishwi dini kama kasuku: aone, aguse, aigize. Siku ya kwanza aliwauliza walimu wanakumbuka nini kuhusu mafundisho yao wenyewe ya Komunyo ya kwanza. Kasmir, unaujua ulimi wake, akajibu kwamba anaikumbuka henzerani kuliko Baba Yetu. Ukumbi mzima ulicheka isipokuwa Gaudens.

Fimbo hiyo ya henzerani unaijua. Ndiyo uliyotufundishia katekisimu sisi sote huko Rombo, na mimi ninayo alama yake kwenye ugoko mpaka leo. Ndiyo uliyompa Gaudens alipokuja huku kufundisha, ukamwekea mikono kichwani. Ameitumia kwa bidii, watoto wa Kariakoo wanazijua Amri Kumi kwa makalio. Kwa hiyo Kasmir aliposema vile, Gaudens aliona ametukanwa yeye, na umetukanwa wewe. Tena waliotajwa kwa uongozi walikuwa wawili tu, yeye na Kasmir.

Badala ya mtihani, Sista aliamua walimu waigize Njia ya Msalaba mitaani siku ya Ijumaa Kuu, watoto wakitazama. Kasmir akapewa kuwa Yesu. Gaudens akapewa kuwa askari wa Pilato. Sista mwenyewe alisokota mjeledi wa vipande vya kanga kuukuu, laini hata nzi asingeumia. Nadhani alitaka kuwapatanisha, maana watawa wana imani kubwa kuliko sisi wenye maduka.

Tulitoka kanisani saa tisa alasiri. Wenzetu Waislamu walikuwa wamekwisha kuswali Ijumaa na baraza zote zilikuwa na watu. Kituo cha kwanza na cha pili Gaudens alitumia mjeledi wa kanga. Kituo cha tatu, Kasmir alipoanguka chini ya msalaba, Gaudens akachomoa henzerani kutoka ndani ya joho lake jekundu.

Pigo la kwanza lilimpata shingoni. Niliusikia mlio ule, Baba, na mguu wangu ukautambua kabla ya kichwa. Lakini nikajiambia haiwezekani, leo ni Ijumaa Kuu. Akampiga mgongoni, akampiga mbavuni, akampiga nyuma ya magoti, kisha akaurudia mgongo palepale. Kasmir hakulia. Aliniambia baadaye kwamba alihofia akilia ataharibu somo la watoto. Kanzu ikachanika, ikalowa nyekundu, na Gaudens akaendelea kupiga huku jasho na machozi yakimtoka. Na sisi watu wa Mungu tulitoa vitambaa tukajifuta macho, tukiambiana kwamba walimu wetu wanajua kuigiza. Mama mmoja nyuma yangu aliuliza rangi ile wameipata wapi na madukani hakuna kitu.

Aliyeona ni Bi Mwanamize, jirani yetu, mama yake Abdulla wa duka la nafaka. Yeye hajui vituo wala nini. Alikuwa barazani kwake anatwanga mchele wa vitumbua, akamwona Kasmir, ambaye tangu aje mjini alikuwa akila kwake kama kwetu, anachapwa na mtu mzima huku umati unaimba. Akashuka na mchi mkononi. Alimpiga Gaudens kwenye mkono uleule ulioshika henzerani, na mfupa ulivunjika sote tukisikia.

Mtu akapaza sauti kwamba Waislamu wanaushambulia msalaba. Basi. Vijana wa kwaya, waliokuwa wakilia kwa uchungu dakika hiyohiyo, wakaokota mawe. Abdulla alitoka dukani kumkinga mama yake, nao wakampiga mdomoni kwa ule msalaba wa mbao. Naandika tena ili uelewe: walimpiga kwa msalaba. Akaanguka anatema meno, wakamkanyaga. Magunia yake yakapasuliwa, mchele ukamwagika matopeni. Wenzake wa baraza za jirani wakaja na mbao na mawe ya mizani, nao hawakuchagua wa kumpiga. Nilimsukuma Celina chini ya meza ya muuza nazi nikalala juu yake. Sista Severa alisimama katikati amenyoosha mikono, na jiwe likampasua paji la uso.

Polisi walipofika, wengine walikuwa wamekwisha kutupa mawe na mbao; mmoja tu kati yetu ndiye aliyekuwa na silaha mkononi na mtu aliyevunjika mbele yake. Wakamchukua Bi Mwanamize.

Jioni ile polisi walimuuliza Kasmir. Alijibu kwamba lilikuwa igizo, na kwamba yeye hana neno na mtu. Wazee wa parokia walimshika mkono wakamsifu kwa moyo wake wa Kikristo, maana aibu ya kanisa ilikuwa imefunikwa. Kwa maneno hayo Bi Mwanamize akawa kichaa aliyemvunja mkono mtu anayeigiza, akawekwa mahabusu asubiri mahakama.

Jumapili ya Pasaka nilitoka misani moja kwa moja mpaka chumbani kwa Kasmir. Alikuwa amelala kifudifudi.

"Nimemsamehe Gaudens, dada," akaniambia.

"Umefanya vizuri. Sasa inuka ukaseme alichokufanya."

"Yesu alinyamaza mbele ya Pilato."

Hapo damu ilinipanda. Nikamwambia, "Alinyamaza kwa jambo lake mwenyewe. Wenzake alitaka waachwe waende zao. Wewe unanyamaza, na mama wa watu analala sakafuni kwa ajili yako. Huo si utakatifu, Kasmir, ni woga umevaa kanzu."

Nilimshika mkono nikamtembeza njia nzima kama alipokuwa mdogo. Pale kaunta ya polisi akaanza tena kumung'unya maneno yake ya msamaha. Nikamgeuza, nikalipandisha shati. Lilikuwa limegandia vidonda, nikalivuta hivyohivyo, akapiga ukelele. Ndio ulikuwa ukelele wake wa kwanza tangu Ijumaa.

"Afande," nikasema, "igizo ndilo hili."

Yule askari aliutazama mgongo, akamvutia kiti. Kasmir akaeleza yote, analia kama mtoto. Jioni Bi Mwanamize akatoka.

Jumatatu Kasmir alimwambia Padre kwamba hatamwongoza mtu yeyote kama parokia haijafika kwanza barazani kwa Bi Mwanamize. Walikwenda, Padre mbele, Sista na bendeji yake, wazee nyuma wanatazama viatu. Bi Mwanamize aliwaacha wamesimama. Abdulla alikuwa ndani, uso umevimba kama andazi. Padre akaanza kueleza kwamba ile ilikuwa habari ya mateso ya Yesu, na watu hawakuelewana.

"Yesu wenu sikumwona, Padre," Bi Mwanamize akasema. "Nilimwona Kasmir."

Mzee mmoja akapiga magoti palepale kwenye matope akaomba radhi, na wengine wakamfuata. Ndipo Bi Mwanamize akawakaribisha waketi. Jana vijana wa kwaya walikuja kumtengenezea Abdulla mlango, ingawa meno hakuna wa kumrudishia.

Kwa hiyo rozari yako imejibiwa, Baba. Kasmir ndiye kiongozi, anaanza Jumamosi, na ataanza akiwa amesimama kwa sababu mgongo bado hauwezi kuegemea kiti.

Sasa Gaudens. Padre amemsimamisha kufundisha. Hakumwomba radhi Kasmir wala Bi Mwanamize. Jana alipanda basi la kurudi Rombo, mkono umefungwa plasta, na atakuwa amefika kwako kabla ya barua hii. Nimejaribu kumchukia nimeshindwa. Kila nikianza namwona akiwa mtoto amesimama mbele yako, jibu analijua, lakini kigugumizi kimemkaba, na wewe unahesabu kwa fimbo mpaka litoke. Ulimpiga kuliko sisi sote. Kigugumizi ulikiita uvivu. Halafu siku ya kuondoka ukampa fimbo ileile iwe baraka yake. Nimekasirika na wewe, Baba. Umetulea tangu baba alipofariki, chakula hatukukosa, na nakuheshimu. Ndiyo maana nakwambia wewe mwenyewe wala si majirani.

Henzerani niliiokota matopeni siku ile. Nimeikatakata vipande, nikawashia mkaa, nikampikia Abdulla uji. Ilishika moto upesi kuliko nilivyotegemea.

Nisalimie Mama mdogo Euphrasia, mwambie dawa ya kifua namtumia kwa mtu wa kwanza atakayepanda huko. Msalimie Eliakimu na mkewe Blandina, na bibi Elieshi kama bado anasikia. Celina anasema shikamoo babu. Mungu akulinde wewe na migomba yako, akupe nguvu ya kuiona kahawa ya mwaka huu ikiiva.

Neno la mwisho. Gaudens hana pa kwenda ila kwako. Atakaa mlangoni siku mbili tatu, kisha atakuomba henzerani nyingine. Usimpe. Muulize mkono unamuuma wapi, na safari hii umsubiri mpaka amalize kusema.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda hata leo,

Candida