Watu Bandia Wanalala Mapema

Kaka, leo mjinga nilikuwa mimi. Cheka kwanza, nakusubiri.

Ile programu yetu ya watu bandia, wanaowasha pasi na kuzima taa ndani ya kompyuta, Bosi kaileta kikaoni. Alitaka kuthibitisha kwamba wanatumia umeme sawasawa na familia tulizozifungia mita. Mistari miwili ukutani, wa bandia na wa kweli, inafuatana kama mapacha waliovalishwa sare. Nikapiga makofi. Mimi. Makofi.

Bosi akasema, "Kwa hiyo tukikata umeme usiku kwa mgao hatumuumizi mtu. Wote wamelala."

Shangazi yangu alikuwepo, kaalikwa kwa niaba ya nyumba zenye mita. Akauliza, "Na kwangu je? Mashine ya kupumulia ya mume wangu inawaka usiku kucha."

Unajua Bosi alimjibu nini? "Mama, nyumba yako tuliitoa kwenye hesabu. Zote zisizofanana na programu tulizitoa, zilikuwa zinachafua picha."

Zinachafua picha, kaka. Anasema huku anatafuna biskuti. Na viganja vyangu bado vya moto kwa yale makofi.

Nikamwambia, "Bosi, hapo hujathibitisha kitu. Umebakiza wanaokukubali tu." Akanijibu nisimletee mambo ya ukoo kazini, uamuzi umeshapita.

Shangazi akachukua mkoba wake, akasimama taratibu.

"Sawa, baba. Basi huo umeme wakatieni hao wa kwenye kompyuta. Wao hawapumui."