Mkanda Ulioshonwa

Jumatatu, 15 Septemba
Nimemaliza rangi ya gari la Rajabu, shemeji yangu. Bodi imenyooka, milango inafunga. Umebaki mkanda wa abiria wa mbele. Waokoaji waliukata siku alipogongana na lori. Nimeagiza mwingine Dar. Mpaka uje, gari halitoki gereji.

Jumatano, 17 Septemba
Rajabu ananitafuta ubaya. Jana alikuja nikiwa sipo, akaung'oa mkanda, akaupeleka kwa fundi wa viti ukashonwa. Leo kaurudisha na kuufunga mwenyewe. Anajisifu. Eti askari anaangalia kama umejifunga tu, haulizi mkanda umeshonwa wapi. Jumamosi anataka kumrudisha mama yake nyumbani kwao, Marui. Mama yuko kwetu hapa Pangani tangu apasuliwe jicho. Nimekataa kutoa ufunguo. Mkanda uliokatwa haushonwi, unabadilishwa. Kanuna.

Alhamisi, 18 Septemba
Mke wangu hasemi nami. Namdhalilisha kaka yake kwa sababu ya uzi, anasema. Chakula nimekikuta mezani kimefunikwa, hakuna karibu wala nini. Dar kimya. Naogopa. Atakayekaa kiti kile ni mama mkwe.

Ijumaa, 19 Septemba
Siku gani hii.

Rajabu kaja gereji na mama, mkoba mkononi. Kaona asingoje kesho. Mama kaingia, kakaa mbele. Nilitaka kumwambia ashuke, nikaghairi. Mkwe unamwamrishaje? Kabla hajajifunga nikamwomba radhi, nikaushika mkanda, nikakanyaga kizingiti cha mlango na kuuvuta kwa ghafla. Nyuzi zikaachia. Kipande kikabaki mkononi mwangu, na gari limesimama tu.

Mama akakitazama kile kipande kwa jicho lake zima.

"Rajabu," akasema, "nishushe."

Akamshusha. Mwenyewe, kwa mikono miwili, taratibu. Nilitaka kulia kwa furaha, nikajifanya natafuta spana.

Jumapili, 21 Septemba
Mkanda mpya ulifika jana. Nimeufunga, nimeujaribu mpaka mabega yanauma. Leo tumemfikisha mama Marui salama. Mimi na mke wangu tulikaa nyuma, kaniegemea. Mama alilala njia nzima. Rajabu aliendesha polepole mno, hata bajaji zilitupita.